Kamango: mipaka iliyopandana na ramani ya wote

Kamango, katika usultani wa Watalinga wilayani Beni, Kongo, ilikuwa imegawanywa na mamlaka nyingi kabla ya watu wa kujitolea kuanza kuichora. Mkataba wa Ubelgiji na Uingereza wa mwaka 1910 ulikata bonde la Semliki, na hadi leo ng'ambo ya mto Lamia ni Bundibugyo, Uganda. Utawala wa Kibelgiji ukaweka mipaka ya usultani na ya wilaya. Kisha, katika miaka ya 1980, Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilileta mgawanyo wa namna nyingine: zoni za afya, 306 nchi nzima, kila moja ikiwa na hospitali yake kuu ya rufaa, na ndani yake maeneo ya afya yenye vituo. Waliozichora walitazama idadi ya watu na safari ya mgonjwa, ndiyo maana wilaya moja ya Beni imebeba zoni kadhaa, zikiwemo Kamango, Oicha, Mutwanga na Mabalako.

Historia hiyo ndiyo inayopaswa kumwongoza mchoraji wa OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Humo lebo hueleza kitu ni cha aina gani: zahanati, shule, soko. Tangu 2007 upo pia uhusiano, unaofunga vitu kadhaa viwe kitu kimoja. Zoni ya afya inastahili uhusiano wake, kwa kuwa mistari ya mpaka wake haina maana mmoja bila mwingine, na usultani unastahili wa kwake, hata pale mistari inapopandana. Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikitokea Mangina katika zoni ya Mabalako, wagonjwa walihesabiwa kwa zoni hadi mlipuko ulipokwisha Juni 2020, ukiwa umeua watu 2,287. Aliyekuwa na mipaka ya wilaya tu hakuweza kuona ugonjwa unaelekea wapi.

Wako wanaotaka zahanati zote za Beni zifungwe katika uhusiano mmoja, ili mgeni azipate kwa urahisi. Naukataa urahisi huo. Kituo kipya kikifunguliwa, lazima mtu akumbuke kukiingiza kwenye orodha; asipokumbuka, orodha inadanganya, na anayeitegemea hupeleka chanjo pungufu. Lebo hukaa na kituo chenyewe, na ukiuliza zahanati zilizo ndani ya mpaka wa zoni, zote zitajitokeza. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba mpaka wa afya hauonekani kwa macho, na ramani hii hutaka mambo yanayoweza kuhakikiwa. Lakini mpaka wa usultani nao hauonekani, na bado huchorwa. Mama anayepeleka mtoto kupimwa anajua kituo chake, na muuguzi mkuu anavijua vijiji vyake kimoja kimoja. Kuwauliza ni kuhakiki. Kijiji kinachodaiwa na vituo viwili kiandikwe hivyo, kisilazimishwe upande. Na waasi wa ADF walipoishambulia Kamango Julai 2013, makumi ya maelfu walivuka kuingia Bundibugyo huku zoni ikibaki palepale. Kwa hiyo uhusiano wa zoni ufunge ardhi na vituo, na idadi ya watu ikiandikwa, iandikwe pamoja na mwaka wake.