Kicheko Kilichopanda Umatengoni: Kumbukumbu ya Orijino Komedi

Anayeandika taarikh ya kundi la Orijino Komedi akiwa Dar es Salaam ataanza, pasina shaka, na studio; ama sisi wa Mbinga hatuna budi kuanza na dumu la petroli, kwani katika zama hizo umeme wa gridi ulikuwa haujafika Ruvuma (Songea yenyewe iliungwa mwaka 2018), na mwenye kibanda cha video aliyeishiwa mafuta katikati ya kichekesho alijua fika kwamba hadhira yake, ambayo aghalabu ilikuja moja kwa moja kutoka shambani na udongo wa mashimo ya ngoro ungali miguuni, haikubali udhuru wowote ila kurudishiwa kiingilio.

Televisheni ilichelewa Bara. Zanzibar walikuwa nayo tangu mwaka 1973, tena ya rangi, ilhali huku, ambako serikali ya Mwalimu Nyerere iliihesabu kuwa anasa, tulingoja mpaka mwaka 1994 vituo vya watu binafsi, ITV miongoni mwao, vilipoanza kurusha matangazo. Televisheni ya Taifa ikafuata miaka kadhaa baadaye. Mzaha wenyewe, hata hivyo, ulikuwa mkongwe kuliko vioo hivyo: Redio Tanzania ilikwisha kutuzoesha masihara ya Pwagu na Pwaguzi, na ITV ilipowaleta waigizaji wa kundi la Kaole, wengi tulijifunza kula chakula cha usiku macho yakiwa kwingine.

Ndipo katika kituo cha East Africa TV wakazuka vijana waliojiita Ze Comedy: Joti, Masanja Mkandamizaji, Mpoki, Vengu, Wakuvanga na MacRegan. Mwaka 2008 walihamia TBC1, shirika likiwa chini ya Tido Mhando aliyetoka BBC, na kwa kuwa jina lilizua mzozo na kituo walichokihama, wakajibandika lingine, Ze Orijino Komedi, yaani wao ndio wa asili. Sijui biashara nyingine ambayo kunyang'anywa jina kuliifaa hivyo; hata asiyewahi kuwatazama alitaka kujua orijino ni nani na bandia ni nani.

Walichokifanya hakikuwa kigeni. Waliigiza taarifa ya habari, wakawaiga wakubwa na wanamuziki, wakavaa madera, wakazungumza Kiswahili cha kila kabila isipokuwa cha shule. Nakiri kwamba lafudhi za mikoani zilitumika nyakati nyingine kama chumvi ya mpishi mvivu, na kwamba mwanamume aliyevaa gauni huchekesha dakika mbili tu kama hana jingine. Joti alikuwa na jingine. Msimu mmoja wa kahawa, fedha zikiwa zimeingia na sebule ya jirani yetu imejaa hata watoto wakakaa chini ya meza, alitokea katika sura ya ajuza, akaketi kwa kujipinda, akakaza kanga kiunoni kabla hajajibu alichoulizwa. Bibi wa nyumba ile, ambaye alikuwa hajaizoea runinga bado, akauliza huyo mwenzake ni mke wa nani. Alipoambiwa kuwa ni kijana wa kiume alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Basi huyo kalelewa na bibi yake,” akaendelea kuchambua maharage.

Kutoka Mbinga kichekesho kiliteremka mpaka Mbamba Bay, ziwani, kwa barabara ambayo wakati huo ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika, kikisafiri ndani ya sahani za kunakiliwa zilizofungwa kwa gazeti pamoja na betri na sabuni. Wenye haki ya kazi ile hawakupata hata senti, nasi hatukuliwaza hilo. Ufukweni watu walizitazama baada ya majuma kadhaa, wakicheka mzaha wa habari ambazo Dar es Salaam walikwisha kuzisahau.

Kundi halikubaki kama lilivyokuwa. Masanja akawa mhubiri wa Injili, Joti akaendelea na vichekesho vyake, na barabara ya ziwani ikatiwa lami. Mwaka jana niliketi Mbamba Bay karibu na vichanja vya dagaa, nikamwona binti ameegemeza simu kwenye ndoo, Joti akiwa ndani ya simu katika kanga yake. Kila alipotaka kucheka aliweka kwanza ungo chini, dagaa wasimwagike.