Nasaha na Kiboko katika Shule za Sekondari za Kenya

Wahenga walisema, "Mficha uchi hazai." Maana yake ni kwamba mwenye haja hana budi kuifunua mbele ya mtu awezaye kumsaidia. Walakini, katika shule za sekondari za Kenya, mara nyingi mwanafunzi humficha shida yake mwalimu yule yule aliyewekwa makusudi aisikilize. Wako wasemao kuwa hicho ni kiburi cha vijana. Mimi naona kwamba sababu kubwa imo katika historia ya kazi yenyewe.

Zamani nasaha ilikuwa na watu wake. Katika pwani, msichana aliyevunja ungo alikabidhiwa somo, yaani mwanamke mtu mzima aliyemfunda faraghani mambo ambayo mama mzazi aliona haya kuyatamka. Katika bara, kwa watu wengi, mambo mazito yalipelekwa kwa bibi au babu, kwa kuwa mjukuu aliweza kutaniana nao bila ya hofu. Twaona basi kwamba, mara nyingi, mwenye kunasihi hakuwa ndiye mwenye kuadhibu.

Nasaha ya shuleni ina asili nyingine. Mwaka 1908 Frank Parsons alifungua ofisi mjini Boston, Marekani, ili kuwasaidia vijana kuchagua kazi. Vijana walimwendea kwa hiari yao, na uamuzi wa mwisho ulikuwa wao wenyewe. Kenya nayo ilianza kwa upande huo wa kazi. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 nchi ilihitaji watu wa kushika nafasi zilizokuwa mikononi mwa wageni, na mwaka 1971 Wizara ya Elimu ilianzisha kitengo cha uelekezi na ushauri. Mwanafunzi aliyeitwa kuulizwa angependa kazi gani hakuwa na la kuogopa.

Baadaye mkazo ulibadilika. Mwaka 1976 Kamati ya Gachathi ilitaka nasaha isaidie pia kukuza nidhamu ya nafsi. Kisha, katika mwezi mmoja wa Machi 2001, yalitokea mambo mawili: serikali ilipiga marufuku adhabu ya viboko shuleni, na moto uliotiwa katika bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, uliwaua wavulana 67. Mwaka huo huo kamati iliyoongozwa na Naomy Wangai ilichunguza ghasia za wanafunzi, ikahimiza nasaha iimarishwe shuleni.

Shauri hilo lilikuwa jema, lakini kwa hali hiyo nasaha ilikalishwa katika kiti cha kiboko. Mwalimu afundishaye darasani, asahihishaye mitihani, na pengine aketiye katika kamati ya nidhamu, ndiye huyo huyo atakiwaye kuaminiwa siri. Aliyekosa hupelekwa kwake kama sehemu ya hukumu. Wenzake wakimwona mlangoni huuliza, "Amefanya nini?" Hapana aulizaye, "Ana nini?" Haishangazi basi kwamba aliye na msiba wa nyumbani, au aliyeonewa bwenini, huona afadhali anyamaze kuliko kudhaniwa mkosaji.

Kunyamaza huko kuna hatari. Mwanafunzi mwenye uchungu akikosa pa kuusemea, shule hupata habari zake wakati mambo yamekwisha kuharibika. Kwa hiyo yafaa mnasihi asiwe miongoni mwa waamuzi wa nidhamu, na mwanafunzi aelezwe mapema ni siri zipi zitakazohifadhiwa na zipi haziwezi kufichwa kwa ajili ya usalama. Tena yafaa wanafunzi wote waitwe kwa zamu, wema na watundu, ili mlango ule usiwe alama ya kosa. Haya nayaweka mbele ya wasomaji, hasa wale watakaokuwa walimu, wayapime.