Tabu pekee haimkuzi mhusika

MHUSIKA wa hadithi fupi hana nafasi pana ya kukua. Riwaya humpa miaka. Hadithi fupi huenda ikampa usiku mmoja tu. Ndiyo maana msimulizi humtwika tabu mapema, kisha akamfikisha penye utambuzi, yaani pale anapoliona jambo ambalo awali hakuliona. Wanafunzi wengi huchukulia tabu na utambuzi kuwa kitu kimoja. Sivyo.

Ngano za Wasomali, zinazosimuliwa Garissa, Wajir na Mandera kama zinavyosimuliwa Somalia na Ethiopia, zaonyesha tofauti hiyo waziwazi.

Katika kisa cha fungu la simba, wanyama wanampata ngamia. Simba anamwamuru fisi agawe nyama. Fisi anampa simba nusu, na nusu ya pili anawaachia wengine. Simba anamchapa dharuba na kumtoa jicho. Mbweha anapoagizwa kugawa upya, anampa simba nyama yote. Anapoulizwa aliyemfunza kugawa hivyo, anajibu kuwa ni jicho la fisi.

Aliyeumia ni fisi, lakini aliyeerevuka ni mbweha. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Hata hivyo, alichojifunza mbweha ni kunusurika, wala si haki. Kukua kwa mhusika si lazima kuwe kwa kimaadili. Katika eneo lililotawaliwa kwa sheria za hali ya hatari tangu 1963 hadi 1991, si vigumu kuhisi uchungu uliomo ndani ya kicheko cha kisa hiki.

Igal Shidad, mwoga mashuhuri wa ngano hizo, ni kinyume cha mbweha. Jioni moja anaona kitu cheusi mbele yake, akakidhania simba. Usiku kucha anatetemeka. Kunapokucha, anagundua kwamba ni kisiki. Tabu ameipata na ukweli ameuona, lakini katika visa vingine vinavyomhusu yeye ni mwoga yule yule.

Mwingereza E. M. Forster, katika kitabu chake cha 1927 kuhusu riwaya, aliwagawa wahusika kuwa bapa na duara. Kwa kipimo hicho, Igal ni bapa. Lakini kutobadilika kwake hakuna hasara: msikilizaji anayemcheka hukumbuka visiki alivyovikimbia mwenyewe, na utambuzi ukahamia kwake.

Kwa hivyo, anayechambua ukuaji wa mhusika na ajiulize maswali matatu. Alipatwa na tabu gani, yake au ya mwenzake? Alitambua nini? Baada ya hapo alitenda nini ambacho hangalikitenda awali? Jibu la swali la tatu likikosekana, mhusika ameteseka, pengine ameelewa, lakini hajakua.