Kabla ya Bando: Mpanda na Historia ya Kusoma kwa Mbali

Tukiulizwa kama nchi yetu iko tayari kwa masomo ya mtandaoni vyuoni, wengi tunaanza kuhesabu vitu: kompyuta ngapi, minara mingapi, wanafunzi wangapi wana simu janja. Hesabu hiyo ina maana. Shida ni kwamba inatufanya tuamini kusoma mbali na mwalimu kumeanza juzi, na kwamba vifaa vikipatikana kazi imeisha. Hebu tuitazame historia tukiwa tumesimama Mpanda.

Mpanda ni mji uliounganishwa na nchi kwa sababu ya madini. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza walijenga tawi la reli kutoka Kaliua, kama kilomita 210, ili kubeba madini ya risasi ya Uruwira. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, treni ikabaki. Kwa hiyo kwa miaka mingi, aliyetaka kusoma kwa njia ya posta akiwa huku alisubiri barua kwa mwendo wa treni na wa barabara za vumbi. Swali likiondoka leo, jibu linakuja ukiwa umeshasahau uliuliza nini.

Redio ilibadilisha mambo. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, iliyowafikia takriban watu milioni 2 nchi nzima. Wengi tunadhani siri yake ilikuwa redio. Lakini angalia ilivyopangwa: watu walikutana kwenye vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadili, halafu wakaamua cha kufanya, kwa mfano kuchimba vyoo. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo. Redio ikiharibika, kijitabu kipo. Asiyejua kusoma alisomewa na mwenzake.

Kweli, kuchimba choo si sawa na kusomea shahada. Kiongozi wa kikundi hawezi kukufundisha takwimu. Lakini kazi yake haikuwa kujua kila kitu. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha watu wanakutana na hawaachi njiani. Na kuacha njiani ndio ugonjwa mkubwa wa masomo ya mbali popote duniani.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kililielewa jambo hili. Hakikutegemea karatasi peke yake, kilijipanga kwa vituo vya mikoa, mahali pa kuuliza, kukutana na kufanyia mitihani. Sasa kumbuka, wakati huo Mpanda ilikuwa ndani ya Mkoa wa Rukwa, na makao makuu ya mkoa ni Sumbawanga, zaidi ya kilomita 200. Mkoa wa Katavi ulipoanzishwa mwaka 2012, ofisi nyingi zilisogea karibu na watu. Tunaliita hilo suala la utawala, lakini kwa anayesoma huku akifanya kazi, mpaka wa mkoa unaweza kuamua kama utafika kwenye mtihani au la.

Halafu intaneti. Kebo ya SEACOM ilifika Dar es Salaam mwaka 2009 kupitia baharini, na mwaka uliofuata ikaja EASSy. Kabla ya hapo nchi ilitegemea satelaiti, ghali na polepole. Vyuo vikaanza kuhamishia masomo kwenye mifumo ya kompyuta. Polepole picha ya mwanafunzi wa mbali ikabadilika: siku za redio alikuwa kwenye kikundi, sasa akawa mtu mmoja na simu yake.

Machi 2020 picha hiyo ilipimwa. Vyuo vilifungwa kwa sababu ya korona, wanafunzi wakarudi makwao, wengine Mishamo, Inyonga, Karema. Baadhi ya vyuo vilijaribu kufundisha mtandaoni, vingi vilisubiri hadi vilipofunguliwa tarehe 1 Juni. Sababu zilizotajwa zaidi ni bando na vifaa, na ni za kweli. Katavi ilikuwa bado nje ya gridi ya Taifa, umeme ukitoka kwenye jenereta za dizeli. Lakini fikiria mwanafunzi mwenye bando na chaji ya kutosha, yuko peke yake nyumbani, hajui amuulize nani, na kila mtu anaona yuko likizo kwa hiyo ana muda wa kwenda shamba. Yuko tayari huyo?

Mimi naona tumeboresha chombo na kupoteza kikundi. Kupima utayari wa Mpanda tuongeze maswali matatu: kuna mahali penye umeme na mtandao ambapo wanafunzi wa vyuo tofauti wanaweza kukaa pamoja? Kuna mtu anayelipwa kuwafuatilia? Kuna kitu cha kusoma mtandao ukikatika? Majengo yapo: kituo cha Chuo Kikuu Huria, kampasi ya SUA ya Mizengo Pinda kule Mpimbwe, hata shule za sekondari jioni. Mwaka 1973, kwa redio ya betri na kijitabu, maswali hayo yalikuwa na majibu. Leo tuna kebo za baharini, na mengi ya majibu hayo bado hatunayo.