Resini: punje za plastiki zinazolainisha maji magumu

Birika lako lina utando mweupe mgumu? Hiyo ni chokaa ya maji magumu, yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi. Mitambo mingi ya kulainisha maji hutumia resini, yaani punje ndogo za plastiki.

Zinatengenezwaje? Stairini huunganishwa na divainilibenzini, inayofunga minyororo ya plastiki ili isiyeyuke. Kisha punje hupashwa moto ndani ya asidi ya salfuriki, zipate sehemu za kushika madini. Mkemia Gaetano D'Alelio alipata hataza ya njia hii Marekani mwaka 1944.

Maji yakipita, punje hunasa kalsiamu na kuachia sodiamu. Zikijaa, huoshwa kwa maji ya chumvi, kazi inaendelea.

Ila usijidanganye: resini hiyo haiui vijidudu. Maji ya kunywa bado uyachemshe.