Kaye de sharji: namna ya kuiandika ili ahadi isipotee

Kaye de sharji ni karatasi inayosema kitu gani kitatengenezwa, kwa ajili ya nani, na kitapokelewa namna gani. Wanaotengeneza programu za simu wanaiandika mbele ya kuanza kazi. Huku Haut-Katanga inasikika zaidi juu ya migodi: sheria ya migodi ya 2018 inalazimisha sosiete kusinya yake na wakaaji wanaoguswa na kazi yake, kwa miaka 5. Ni tofauti na ile angalau 0,3% ya mauzo, ambayo sheria hiyo inatenga pia kwa maendeleo ya wakaaji.

Namna ya kuandika ni moja. Kwanza shida yenyewe: akina mama wanatembea mbali kutafuta mayi. Kisha hesabu: foraji ngapi, kijiji gani, mwezi gani. Tena, nani atatengeneza pompe ikiharibika, na nini hakimo. Ukiandika tu “mayi ya kutosha”, sosiete inaweza kuchimba foraji moja na kusema imemaliza. Yenye haikuandikwa ni vigumu kuidai.

Kama kaye iko kwa Kifaransa, isomwe kwanza kwa Kiswahili katika mukutano wa wakaaji, ndipo isinyiwe.