Mdudu wa jino hayupo

Hapa Miti jino likioza, wengi wetu tunasema: mdudu analila. Ni imani ya zamani duniani kote. Mwaka 1728 daktari Mfaransa Pierre Fauchard aliandika kwamba alimtafuta mdudu huyo kwa hadubini, hakumwona. Mwaka 1838 Edward Maynard wa Marekani alichukua springi ya saa akatengeneza kifaa chembamba cha kusafisha uozo ndani ya mzizi. Mwaka 1867 mwenzake Bowman akaujaza mzizi kwa guta-percha, utomvu wa mti. Hadi leo ndivyo jino linavyookolewa bila kung'olewa.

Ndugu mliokimbia vita, shavu likivimba na homa ikipanda, msingoje. Nendeni hospitali: usaha wa jino unaweza kuua.